Fabrosaurus Amekwenda Wapi?

Kitabu nilikinunua Sh100 kando ya Mtaa wa Tom Mboya, kwa wale wachuuzi wanaotandaza vitabu chini kwenye turubai na mteja huchagua akiwa ameinama. Jalada lilikuwa limeng'oka, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mtoto fulani wa zamani, popote alipo leo, alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya rangi juu ya mgongo wa Stegosaurus. Mpwa wangu, mwenye miaka 9, hayo hakuyaona. Alichokiona ni mnyama mdogo mwembamba, anatimka kwa miguu miwili, mkia umenyooka nyuma kama mpini. Chini yake jina: Fabrosaurus.

Siku mbili baadaye akanijia na simu ya mamake mkononi. "Mjomba, huyu hayuko."

Hayuko wapi?

"Kwenye orodha ya dinosauri. Nimeangalia wote wa herufi F. Nikarudia." Akanyamaza kidogo. "Kwani aliyechora alidanganya?"

Hakuna aliyedanganya. Mnyama yule aliishi kweli, na mchoro wenyewe si mbaya. Kilichokufa ni jina, na kiliponzwa na meno 3.

Mwaka 1964 mtaalamu wa visukuku wa Ufaransa, Leonard Ginsburg, alitangaza dinosauri mpya kutoka Lesotho. Alimwita Fabrosaurus australis, kwa heshima ya mwanajiolojia mwenzake Jean Fabre. Alichokuwa nacho mkononi ni kipande cha taya la chini chenye meno 3. Basi. Fuvu hakuna, mguu hakuna, nyonga hakuna. Lakini dinosauri wala majani wa umri ule, miaka milioni 190 na ushei iliyopita, walikuwa wachache mno wakati huo, na kipande chochote kilipokewa kama mgeni wa heshima.

Miaka michache baadaye mifupa mizuri zaidi ikawa imepatikana Lesotho hiyohiyo: fuvu, miguu, pingili za uti wa mgongo. Tony Thulborn akaichunguza, na kuanzia 1970 akaieleza chini ya jina lililokuwepo tayari, Fabrosaurus. Ilikuwa busara ya kawaida. Nchi ni ileile, meno yanafanana, mnyama ni mdogo vilevile. Mifupa hiyo ndiyo iliyowapa wachoraji mwili wa kuchora. Kwa hiyo yule mkimbiaji wa kitabu cha Tom Mboya ana shingo, mapaja na mkia kwa hisani ya mifupa ya Thulborn; taya la Ginsburg lilimpa jina tu.

Mwaka 1978 akaja Peter Galton (mshike jina, maana atarudi mpaka umchoke) akasema mifupa ile mizuri haifai kuning'inizwa kwenye taya lile. Akaipa jina lake yenyewe: Lesothosaurus diagnosticus. Hilo neno la pili nalisoma kama kijembe, kwa sababu linamtaja mnyama anayeweza kutambulika. Waliomfuata wakamalizia kazi. Walilitazama taya la Fabrosaurus wakitafuta alama hata moja ambayo ni yake peke yake, wakaikosa. Meno ya umbo la jani, kingo zenye vijino vidogo: nusu ya dinosauri wala majani wa zamani hizo wanayo.

Nikamwambia mpwa wangu atafute herufi L. Akampata mnyama wake, mzima, na nchi ya kwao imo ndani ya jina. Hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini wasingeacha tu jina la zamani likatumika kwa mifupa mizuri. Hapo ndipo kwenye kiini cha mambo, na ilinibidi nimtoe nje.

Jumamosi tulikwenda Kariokor. Kwa asiyekujua, ni soko la vyondo na viatu vya ngozi, na nyuma yake moshi wa nyama choma ambao utaufuata hata kama umetoka nyumbani umeshiba. Tukaagiza kilo moja ya mbuzi. Mchomaji akaja na ubao, kisu, chumvi pembeni, akaanza kukata. Nikamuuliza anajuaje huyu ni mbuzi na si kondoo.

"Mkia, boss wangu. Kondoo ana mkia mnene wa mafuta. Ndiyo maana mwenye kuuza mbuzi hautoi mkia, mteja aone."

Na mkia ukiwa umekatwa?

"Mafuta. Harufu pia. Kondoo utamnusa kabla hajafika mezani."

Nikachukua kipande cha mfupa kilichokwisha gugunwa, kama urefu wa kidole gumba, nikamwonyesha. Na hiki?

Akakitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Hicho? Hicho ni mfupa tu."

Hakuna mtaalamu aliyewahi kunieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Waakiolojia wenyewe hupata taabu ileile: mifupa mingi ya mbuzi na kondoo kutoka makazi ya kale haitenganishiki, na huwekwa kwenye fungu moja la "mbuzi au kondoo". Mfupa wa mbuzi ni wa mbuzi hata kama hausemi hivyo. Ila ukiupa jina, jina lako litakuwa bubu kama mfupa wenyewe.

Sasa kanuni za kimataifa za kutaja wanyama zinataka kila jina la spishi lifungwe kwenye kitu kimoja kinachoshikika, ambacho hapa nitakiita kielelezo. Mchoro hautoshi, wala wazo lililo kichwani mwa mtaalamu. Kielelezo kina namba na kinakaa kwenye droo mahali fulani; taya la Fabrosaurus liko Paris. Anayedai amepata Fabrosaurus wa pili ni lazima aonyeshe kwamba wake unalingana na ule wa Paris kwa jambo ambalo wengine hawana. Kama kielelezo hakina jambo la namna hiyo, hakuna mnyama mwingine anayeweza kupewa jina hilo kwa haki. Linabaki kama risiti ya duka iliyofifia: ni halali, lakini haisomeki. Wenyewe huliita jina la shaka.

Ingeishia hapo, lisingemsumbua mtu. Tatizo ni kanuni ya pili, kwamba jina lililotangulia ndilo lenye haki. Kielelezo kibovu cha zamani kinaweza kukaa kimya miaka 100, halafu mtu akasimama na kusema mnyama wako mpya mzuri ndiye huyohuyo wa kwangu, futa jina lako. Kwa hiyo kulitangaza jina la zamani kuwa la shaka ni namna ya kulinyang'anya sauti ya kudai. Baadhi ya mivutano mirefu ya fani hii ni ya hapo hapo, na ukiisoma kwa karibu inafanana na kesi za mashamba.

Kwa nini hasa hawa wadogo? Mifupa ya dinosauri mkubwa ni mizito kama nguzo, na hata ikivunjika vipande vyake huonekana. Mnyama mwenye uzito wa mbwa huvunjwa na walao mizoga, husombwa na mafuriko, huoza kabla hajafunikwa. Kinachobaki ni ncha ya mfupa wa paja, pingili mbili tatu, meno. Juu ya hapo, hawa wala majani wadogo wa kukimbia walishika umbo moja kwa muda mrefu ajabu, zaidi ya miaka milioni 100: miguu mirefu ya nyuma, mikono mifupi, mdomo wa kukata majani, mkia mgumu. Ni kama kuletewa nati ya gurudumu pale Kirinyaga Road na kuulizwa imetoka kwenye Probox au Succeed. Muuza vipuri atakuambia ni ya Toyota, na akisema zaidi ya hapo anakutania. Umletee taa ya nyuma ndipo atakapokujibu bila hata kuinua kichwa.

Meno ndiyo nati mbaya kuliko zote, kwa sababu yanaonekana kama taa. Mwaka 1989 mnyama anayeitwa Revueltosaurus alitangazwa kutoka kusini-magharibi mwa Marekani kwa meno yake, na meno hayo yalikuwa ya dinosauri mla majani kabisa, umbo la jani na vijino vyake. Akahesabiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa wa ukoo huo. Kisha mifupa yake ikapatikana Arizona, na 2005 ikachapishwa: fuvu, miguu, magamba ya mfupa mgongoni. Hakuwa dinosauri hata kidogo. Alikuwa upande wa mamba. Ulaji wa majani ulimchongea meno yaleyale kwa njia yake mwenyewe, na wote waliokuwa wamejenga hoja juu ya meno ya aina hiyo wakarudi kuhesabu upya.

Siku hizi kazi haifanywi kwa jicho peke yake. Mtafiti hutengeneza jedwali: spishi zikishuka upande mmoja, sifa zikipita juu, mara nyingi mamia. Je, kuna meno kwenye ncha ya taya la juu? Je, mfupa wa paja una kijishimo mahali fulani? Anaandika 0 au 1, kisha kompyuta inatafuta mti wa ukoo unaohitaji mabadiliko machache zaidi. Mnyama mwenye mifupa ya kutosha hujaza safu yake vizuri. Mwenye taya la meno 3 hujaza visanduku vya meno, na kwingine kote ni alama ya kuuliza. Kompyuta ikikutana na alama ya kuuliza hailalamiki, inamweka popote. Kwenye mti mmoja ni binamu wa huyu, kwenye mwingine ni babu wa yule, na miti yote miwili ina alama sawa. Mgeni mmoja wa namna hiyo anaweza kuwavuruga na majirani zake, mpaka mti mzima unageuka kuwa kichaka. Ndiyo maana watafiti wengi huwatoa mezani kabla ya kuanza, na mimi siwalaumu.

Halafu kuna umri. Mchomaji wetu alikata goti, na mpwa wangu akaona ncha ya mfupa imebanduka yenyewe kama kifuniko cha chupa. Mbuzi mchanga, nikamwambia, ncha zake zilikuwa hazijaungana. Dinosauri hawakukua hivyo hasa, ila nao walibadilika sana kutoka utotoni hadi utu uzima, na anayewaona vipande vipande huhesabu ndugu wa tumbo moja kama makabila mawili. Mwaka 2005 Richard Butler alitangaza Stormbergia dangershoeki kutoka Afrika Kusini na Lesotho, mkubwa kuliko Lesothosaurus na tofauti kidogo kwenye nyonga. Ilionekana tumepata jirani yake. Lakini vipande vya mifupa vilivyokatwa vyembamba na kutazamwa kwa hadubini vikaleta mashaka, kwani mfupa huacha kumbukumbu za ukuaji kama duara za mti, na 2017 Matthew Baron, David Norman na Paul Barrett wakahitimisha kwamba Stormbergia ni Lesothosaurus aliyekomaa. Kosa la upande wa pili nalo lipo. Jiwe lenye mifupa lililopatikana 1849 kwenye Isle of Wight, Uingereza, lilidhaniwa kuwa na Iguanodon mtoto, mpaka mwanabiolojia Thomas Huxley alipokuja 1869 akamtangaza mnyama tofauti kabisa, Hypsilophodon.

Marekani ndiko mambo yalikopindukia. Mwaka 1877 mtaalamu wa visukuku Othniel Charles Marsh alitaja Nanosaurus agilis kwa bamba la jiwe kutoka Colorado ambalo sehemu kubwa ya mifupa yake ni alama tu ilizoacha. Miaka 100 baadaye Galton, yule yule, akatoa jina Othnielia kumkumbuka Marsh, lakini kielelezo chake kilikuwa mfupa wa paja usiosema kitu, ikabidi 2007 aje na Othnielosaurus kwa mifupa iliyo bora. Kati yao, 1990, mnyama mwingine mdogo kutoka Wyoming aliitwa Drinker, kumkumbuka Edward Drinker Cope, mtaalamu mwingine wa visukuku wa zama za Marsh. Marsh na Cope walikuwa mahasimu wa kufa na kuzikana. Walitukanana magazetini na kugombania mifupa kama fisi. Basi 2018 Kenneth Carpenter na Galton wakaamua kwamba wote hawa ni mnyama mmoja: Othnielosaurus ndiye Drinker, na wote ni Nanosaurus, maana jina la 1877 lilitangulia. Mahasimu wakazikwa kaburi moja. Nilipolisoma nilicheka peke yangu ndani ya matatu.

Kaburi halikudumu. Kiunzi kilichochimbwa Colorado 2021 na 2022 kiliuzwa kwa jina la Nanosaurus, kikaishia kwenye makumbusho ya historia ya asili ya London. Susannah Maidment na Paul Barrett wakafanya ambalo mtu mwangalifu hufanya: walirudi kwenye lile bamba la Marsh na kuliuliza una nini chako peke yako. Halikuwa na jibu. Juni 2025 wakachapisha kwamba Nanosaurus ni jina la shaka, na kiunzi cha London wakakiita Enigmacursor mollyborthwickae. Jina la kwanza lina maana ya mkimbiaji wa fumbo. Ana kimo cha sentimita 64 na urefu wa sentimita 180, ambao mwingi ni mkia. Angepita chini ya meza yetu ya Kariokor bila kuinama sana.

Kuna watakaosema huku ni kuchezea majina tu. Nami ningekubali, kama isingekuwa Tendaguru.

Tendaguru ni kilima mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko dinosauri wa umri wa miaka milioni 150, na mifupa ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hadi bandari ya Lindi, kisha Berlin. Mahali panapoitwa Kindope palitoa maelfu ya mifupa ya mla majani mmoja mdogo, imechanganyika kama mifupa chini ya meza hii baada ya harusi, mingi ya wachanga. Jina lake lilichapishwa 1919: Dysalotosaurus lettowvorbecki. La kwanza ni mjusi asiyekamatika. La pili ni Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Na hapa tulipokaa panaitwaje? Kariokor ni "Carrier Corps" iliyopita kwenye midomo yetu: kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika kumfukuza huyo huyo Lettow-Vorbeck, wakafa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Mjusi akapewa jina la jenerali, na soko likabaki na jina la wabebaji. Kanuni haziruhusu kulifuta jina kwa sababu tu limekuwa chungu. Angalau 2007 dinosauri mwingine wa Tendaguru, mkubwa wa shingo ndefu, aliitwa Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka Boheti bin Amrani, msimamizi Mwafrika wa machimbo yale.

Turudi kwa mjusi asiyekamatika. Mwaka 1977 Galton (nilikuonya) alisema anafanana mno na Dryosaurus wa Marekani kiasi kwamba ni jenasi moja (kundi la spishi za karibu, ambalo hutajwa na neno la kwanza la jina), akamwita Dryosaurus lettowvorbecki. Jina la jenerali likamfuata, maana neno la pili huhama na mwenyewe. Badiliko hilo dogo la neno moja lilisema jambo zito: kwamba jenasi moja ya mnyama mdogo iliishi Lindi na Wyoming, na kwa hiyo kulikuwa na njia ya nchi kavu baina ya pande hizo, yenye kupitika. Brachiosaurus, dinosauri mkubwa wa shingo ndefu aliyejulikana pia Marekani, alikuwa ushahidi wa namna hiyohiyo. Yule wa Tendaguru aliitwa Brachiosaurus brancai tangu 1914, na ramani nyingi zilichorwa kwa kumtegemea. Kisha mambo yakageuka. Uchunguzi wa kina wa 2009 ulimtenga mkubwa wa Tendaguru kuwa Giraffatitan, na karibu na wakati huo huo mdogo naye, fuvu lake lilipoangaliwa upya, alirudishiwa Dysalotosaurus. Kabati mbili zilizokuwa na lebo moja zikawa na lebo mbili, na daraja la nchi kavu likawa na nguzo mbili pungufu.

Mifupa ya Kindope haiwezi kuulizwa yote tena. Mingi ilipotea Berlin katika Vita vya Pili vya Dunia.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka hapo, ama alijifanya. Tulipoinuka alikuwa amefunga lile goti la mbuzi kwenye tishu, na juu ya tishu ameandika kwa kalamu ya mchomaji: Kariokor, Jumamosi, namba 1. Jina alikataa kuniambia.

Jumatatu jioni akapiga simu. Mamake amefagia chumba na kukitupa kielelezo, na gari la taka limeshapita. Alitaka kujua kanuni zinasemaje.

Nikamweleza kwamba kielelezo kikipotea, na kama kweli kuna haja, kingine huweza kuteuliwa badala yake. Sharti mojawapo ni kwamba kitoke, kadiri inavyowezekana, mahali palepale kilipotoka cha kwanza.

"Kwa hivyo ni lazima turudi Kariokor," akasema.